Shikamoo Zilizonichelewesha Mkuyuni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Igogo tu wazima, na mguu wa babu yako umepona. Umeniuliza kama niliona aibu kuwa wa mwisho ujanani, kwenye yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio.

Ziwani nilitoka wa pili. Lakini Mkuyuni nikawakuta bibi wauza dagaa kando ya barabara. Ningewapitaje wakubwa bila salamu? Nikashuka kwenye baiskeli, nikapiga goti, nikawaamkia mmoja mmoja.

“Marahaba, binti. Mbona wenzako wanakuacha?”

Wakati wa kurudi kwa mbio, pale pale nikabanwa na misuli. Wale bibi wakaacha dagaa, wakanikanda mguu, wakakaza kanga viunoni, tukakimbia wote mpaka mwisho. Hadi leo nawashukuru.

Mshindi alifika peke yake, mjukuu wangu. Mimi nilifika na Mkuyuni nzima.

Bibi yako