Pepeta ya Kaka Saidi

Jumanne, 12 Mei

Nimefua. Nimedeki bweni. Nimerudishiwa insha, wekundu mtupu. Mada ilikuwa imani. Nilijaza kurasa nne: subira, kudra, pepo, moto. Mwalimu Felista kaandika chini: "Hotuba nzuri ya msikitini. Wewe uko wapi humu?" Mkristo wa Songea, hotuba za msikitini kazijulia wapi? Nimekasirika mpaka ugali umenishinda.

Ijumaa, 15 Mei

Tabitha, mwenzangu wa kitanda cha juu, Mlokole, naye karudishiwa. Yake mahubiri matupu. Tumecheka mpaka basi. Tumeambiwa tuandike upya, kitu kimoja tulichokiona kwa macho yetu, kisha tusome mbele ya darasa. Nimekaa dirishani jioni nzima. Mvua, tope, lori la mitumba limenasa njia ya Bungu. Imani sikuiona.

Jumatano, 20 Mei

Nimeota. Bondeni kwetu Mbwara maji yamepanda hadi ngazi ya dungu la kulindia mpunga, meupe, hayana sauti. Kaka Saidi anapita na mtumbwi juu ya mpunga, anapiga mluzi wake ule wa kufukuzia ndege. Hanitazami. Nimeamka mto umelowa.

Kaka alikwenda kuvua delta mwaka juzi, wanunuzi wa kamba walipoanza kuja na magari ya barafu. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana. Baba anataka hitma isomwe. Mama hataki hata kulisikia neno hilo. Kila mavuno anakaanga mpunga mchanga, anatwanga pepeta ya kwanza, anaitia bakulini na kuifunika kawa. "Ya Saidi hiyo." Inaota kuvu. Miye naona haya wageni wakija. Kilio huanza mfiwa, na mfiwa wetu hajaanza. Basi hakuna anayelia.

Jumatano, 27 Mei

Nimeandika. Ukurasa mmoja na nusu. Hamna pepo, hamna moto. Mama, kinu, kawa, mluzi. Nilipofika kwenye jina la kaka nikataka kutanguliza "marehemu". Nikashindwa. Nimeacha nafasi.

Ijumaa, 29 Mei

Nimesoma. Tabitha kapenga kamasi. Mwalimu kasema, "Sasa upo. Ila haijaisha."

Kwani nyumbani imeisha? Nikamjibu hivyo hivyo, ulimi hauna mfupa. Hakukasirika. Kanipa mpaka baada ya Idi.

Jumanne, 9 Juni

Pantoni, kisha kwa miguu. Mpunga unanukia toka mbali, nikawa natembea kama nimesinzia. Nyumbani baridi. Baba kaagiza hitma isomwe Ijumaa hii, atake asitake mtu. Mama kaapa, wakisoma, yeye haonekani tena nyumba hii. Hawasemezani. Mama akisema jambo amesema. Naogopa.

Alhamisi, 11 Juni

Idi. Mchana tulikuwa dunguni, miye na mama tu. Anatwanga pepeta. Sijui nilipandwa na nini, nikatoa karatasi nikamsomea. Mama hajui kusoma, na hakuacha kutwanga. Nilipofika penye mluzi, mchi ukasimama.

"Soma tena hapo, mwanangu."

Nikasoma.

"Tena."

Mara ya tatu sauti ikanikatika. Mama akakunja midomo, akaupiga ule mluzi mwenyewe. Loo! Maisha yangu yote sijamsikia mama akipiga mluzi. Ndege wakaruka bonde zima. Akawatazama mpaka wakapotea, kisha akaanza kulia, kwa sauti, kilio cha msiba. Nami nikaingia. Majirani wakaacha miundu wakaja, wakaingia nao. Baba alifika wa mwisho, akaketi chini kwenye mabua, akafunika uso kwa kofia.

Jumapili, 14 Juni

Hitma imesomwa juzi. Mama alipika mwenyewe. Pepeta ya kaka kaichanganya na nazi na sukari, akawapa watoto wa madrasa. Alisimama mlangoni akiwatazama wanavyotafuna. Hakuweka kando hata punje. Asubuhi hii nilipomuaga kanitilia nyingine kwenye leso. "Mpelekee mwalimu wako."

Nipo kwenye pantoni. Maji yametulia, ukungu bado. Leso iko mapajani, ina joto. Nimetoa karatasi nikaijaza ile nafasi. Marehemu kaka yangu Saidi.