Sahani ya Mama Mkwe Imerudi Tupu

Mpwa wangu Achieng,

Nakusalimu kutoka Dabani, ukweni. Mwili mzima, ila roho inaniuma. Wewe unajua kwetu Paya yote hakuna anayenishinda kuchoma nguruwe. Sasa Wandera, yule aliyeoa mdogo wa mke wangu, amerudi kutoka Ujerumani, na jana alitupikia nguruwe ya huko, inaitwa shnitseli. Nyama anaiponda na mchi mpaka inakuwa pana kama ungo, anaipaka unga, anaichovya kwenye mayai, anaigaragaza kwenye mkate mkavu uliosagwa, ndiyo anakaanga. Ilivuma kwenye mafuta mpaka ng'ombe wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wakageuka kutazama.

Kwa mila, mama mkwe hawezi kula mbele yetu wakwe, kwa hiyo anapelekewa sahani nyumbani kwake. Yangu, miaka kumi na mbili, inarudi na nyama nusu. Ya Wandera ilirudi tupu, na mke wangu akasema, "Mama anauliza kama imebaki."

Nikaomba nikaange mimi. Sikuponda, maana nguruwe yangu huwa vipande vinene. Mkate ukaungua, ndani nyama mbichi. Nikasema ndivyo Wajerumani wa milimani wanavyokula.

Wandera akaniuliza taratibu, "Kaka, huko ulifika lini?"

Tafadhali Achieng, nunua mkate, uanike juani, usimwambie mtu. Nitafanyia mazoezi kwako mpaka Krismasi, mama mkwe naye aulize kama yangu imebaki.

Mungu akutunze,
Mjomba wako Othieno