Farasi Anajua Njia

Kwako Ilie, huko kambini kwa wakata magogo,

Sisi wazima. Theluji imejaa uani. Mbwa wako hataki kutoka. Anajisaidia nyuma ya jiko, nyumba inanuka mpaka nataka kutapika.

Juzi nilikwenda kwenye kinu cha kusagia unga kwa sleji, lile gari letu la kuteleza thelujini linalovutwa na farasi. Njia ilikuwa imefunikwa, nikamlegezea farasi hatamu, kama tunavyofanya siku zote, atafute njia mwenyewe. Akanipeleka moja kwa moja kwa yule mjane, Ruxandra, akasimama getini, akagoma kuondoka. Mwanamke akatoka mbio na karoti mkononi, hata hajatazama nani amekaa kwenye sleji: “Ilie, mpenzi, mbona hukusema unarudi?”

Kinyaa kilinishika. Mbwa nimemsamehe. Yeye angalau uchafu wake anaufanyia nyumbani kwake.

Ni mimi, mkeo bado,
Safta