Kisu cha Ignace na Maji ya Chumvi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lennox Onyango Odera
Umri: miaka 51
Kazi: kusafisha samaki, ghala la samaki, Tyseley
Makazi: Small Heath, Birmingham
Lugha: Kiswahili, mkalimani Bi. Nyambura

Nasema niliyoyaona mwenyewe. Ignace, mwenzangu wa meza moja, ametoweka siku ya tisa leo.

Sisi hupasua samaki na kuwatia kwenye mapipa ya maji ya chumvi kabla hawajapelekwa kwenye moshi. Kampuni hutupa visu visivyoshika kutu. Ignace anatumia chake, cha chuma cha kaboni, kikali kuliko vyetu vyote. Chuma hicho kikilala na chumvi, asubuhi ni chekundu. Sisi wawili ni watu wa ziwa, yeye Uvira, Kongo, mimi Homa Bay, Kenya. Mambo ya chumvi tulijifunzia hapa. Siku yangu ya kwanza nilikiazima nikakisahau ndani ya pipa. Akaniambia, akiniita Grand, yaani kaka mkubwa kwa Kikongo chao cha mjini, "Grand, unalalisha kisu yangu mu chumvi? Hata bibi yako, mama ya batoto, unamulalishaka mu maji?" Tulicheka sana. Kila jioni hukifuta, hukipaka mafuta ya nazi, hukitundika kwenye msumari wake. Ghala lina baridi na mafuta huganda, kwa hiyo huyayeyusha kwanza kiganjani.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, saa 4:15 asubuhi, aliweka kisu mezani kikiwa kimelowa, akasema anaenda msalani. Hakurudi. Jaketi lake bado liko. Msimamizi wetu, Tarlochan, alisema, "Kachoka, kaacha kazi." Sikuamini. Angeacha kazi, angebeba kisu. Jioni sikukifuta. Nilikuwa nimechoka.

Jumanne saa 12:00 asubuhi Tarlochan alifungua kufuli tukaingia pamoja. Kisu kilikuwa msumarini, kikavu, kinanukia nazi. Jioni hiyo nilikitumbukiza kwenye pipa makusudi. Jumatano kilikuwa msumarini tena, kinang'aa. Nikawa nafanya hivyo kila siku ya kazi. Nywele zilinisimama, lakini nilifurahi pia. Mkewe, Rosalie, alipopiga simu nilimwambia, "Shemeji, yuko hai, kisu ni kisafi." Akanijibu, "Miye sitake kisu, shemeji. Nataka mutu." Sikuja polisi. Nilidhani amejificha, sikutaka kumchongea. Hapo nilikosea.

Leo Jumatano tarehe 12 Novemba, saa 12:00 asubuhi, nilikikuta bado ndani ya pipa. Kimekuwa chekundu mpaka kwenye mpini. Sikukigusa. Nilimwomba Tarlochan afunge mlango, nikapanda basi kuja hapa. Juu ya chumba cha barafu kuna dari ambayo hatupandi; kama anajificha ghalani, yuko huko, na jana usiku hakuweza kushuka. Naomba mpande leo, si kesho.

Ni hayo niliyoyaona. Nimesomewa kwa Kiswahili, sina la kupunguza.

Sahihi: L. O. Odera, saa 2:50 asubuhi

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo nimeyaandika mimi, Konstebo Kirandeep Sandhu. Saa 4:15 asubuhi nilifika ghalani. Tarlochan alikuwa ameketi mlangoni tangu saa 12:20, ufunguo mfukoni, na hakuna aliyeingia. Kwenye mapipa hakuna kisu. Kiko msumarini, kikavu, hakina kutu. Nimeagiza dari ivunjwe sasa hivi. Mafuta kwenye kisu hayajaganda.