Mkono wa Mbwana

Kassim, acha kwanza hiyo likizo yako usome hapa. Nimetoka msikitini sasa hivi, hapa mtaani kwetu Muaither.

Unamkumbuka yule mzee Mmarekani, mgeni wa hoteli, aliyempigia Mbwana, mpagazi mwenzako, stori za besiboli? Kwamba karne ya kumi na tisa kuna mrushaji mpira alishinda mechi nyingi kuliko wote, maana mrushaji mwenzake aliondoka, yeye akarusha karibu mechi zote. Mwishowe mkono ukamgomea hata kuchana nywele.

Mbwana alicheka, wallahi! "Mimi nabeba masanduku ya wageni, mzee, sirushi mpira."

Sasa leo adhuhuri tumesimama safu moja, imamu katoa takbira. Mkono wa kushoto wa Mbwana ukapanda. Wa kulia ukabaki pajani. Haukupanda, Kassim! Akautazama kama wa mtu mwingine.

Tulipotoka akaniuliza taratibu, "Yule mrushaji, mkono wake ulipona?"

Simu yake ikaita, msimamizi anamtaka hotelini Al Sadd akashike zamu nyingine. Akapokea kwa kushoto. "Nakuja, bosi."

Kassim, hiyo zamu ni yako. Unarudi lini?