Baba, Wacheza Dansi Wako Hawafunikwi

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, baba yetu Elkan Wolfsheimer, mchoraji wa Berlin ya baada ya taa kuwashwa.

Wenzako walichora farasi na maziwa. Wewe ulichora lami iliyolowa mvua, wahudumu waliochoka, na wacheza dansi waliovua viatu nyuma ya jukwaa wakijikanda vidole. Ukaambiwa unachora uchafu. Ukajibu kwamba wanaosema hivyo ndio wanaokaa meza za mbele ukumbini.

Ulikuwa mkarimu kuliko mfuko wako. Mcheza dansi aliyekuja kuchorwa alikula kwanza supu ya mama, ndipo ukashika brashi. Ukumbini karatasi uliisahau kila mara, ukachora kwenye mikono ya shati. Mama alifua huku akinung'unika, "Mwanamume huyu ananifulisha ukumbi mzima wa dansi." Ulicheka, ukaharibu jingine. Shati moja hakulifua, analo mpaka leo. Tukiliona tunalia, wala hatuoni haya.

Ulipofariki tulifuata desturi yetu ya Kiyahudi. Siku saba za matanga tulikaa chini, tukafunika kwa shuka vioo vyote na picha zenye sura za watu, hata ile kubwa ya wacheza dansi watatu inayotazama dirishani. Matanga yalipokwisha, tukaifunua.

Juzi mwenye nyumba, Bwana Krahl, alipanda ngazi. Alituambia kwamba watu wa sare wa chama kinachotawala wameiona picha kutoka barabarani, na wamejua ni kazi ya Myahudi. Alisema kwa upole, kofia mkononi, "Ifunikeni tu, mama. Shuka si mnazo? Vinginevyo itabidi mhame."

Mama alimmiminia kahawa kwanza. Kisha akamwambia, "Shuka zile ni za msiba, Bwana Krahl. Humu ndani hajafa mtu mwingine."

Leo tumewasha mshumaa wako wa mwaka, tumeuweka chini ya picha, mapazia wazi. Kwa ajili yako tuliifunika siku saba. Kwa ajili yao hatuifuniki hata usiku mmoja. Wakituhamisha, itashuka ngazi nasi, uso wazi.

Unakumbukwa na mkeo Hedwig, sisi binti zako Mirjam na Toni, na dada yako Jettchen, aliyekusihi ujifunze kushona makoti na sasa anakiri kwamba ungeyashona vibaya.

Daima tutakukumbuka, baba, dirisha likiwa wazi. Asiyetaka kukuona na apite mtaa mwingine.