Sauti Utakayoisikia Jumatano

Makambako,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Naamini karatasi hii inakukuta umekaa karibu na moto, magoti hayakusumbui sana, na baridi ya huko Makete imelegea kidogo. Mimi ni mzima. Nimeituma kwa kondakta wa basi na kumwambia akupe mkononi. Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo, na kwa nini mwezi mzima nakutumia meseji tu. Nitakueleza, ila ukae kwanza.

Lile rovu la shingoni halipo tena. Nimefanyiwa upasuaji.

Sikukuambia kwa sababu ya baba. Aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake mwenyewe, akapigwa nusu kaputi, hakuamka. Tangu hapo wewe ukisikia neno upasuaji unaacha kula. Nilijua utanikataza, na mimi mwenyewe nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza. Naomba unisamehe kwa hilo.

Rovu lilishaanza kunibana pumzi. Daktari wa hospitali ya misheni alisema likiachwa litaniziba kabisa. Akasema pia, bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale na unaweza kuguswa. Mimi nilisikia habari ya nusu kaputi tu. Ya sauti ilipita, ingawa kwaya nzima inanijua kwa sauti ya kwanza.

Basi nikaanza kugawa vitu. Cherehani nikamkabidhi Lukresia, fundi mwenzangu pale barazani. Vitenge vya wateja nikavirudisha. Jumapili ya mwisho nikambeba yule tetea mwekundu uliyenipa, nikaenda kumtoa sadaka, maana sikutaka abaki bila mwenyewe.

Baada ya ibada sadaka zikanadiwa nje kama kawaida: mahindi, mayai, kabichi, halafu kuku wangu. Baba Sanga, mzee wetu wa kanisa, akapandisha bei mpaka wenzake wakamwachia. Akalipa, akamshika kuku, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama. Unajua watu hununua na kumrudishia mtoaji, wakacheka wakaondoka. Yeye hakucheka.

“Sadaka ya Mungu imefika, mwanangu,” akasema. “Kuku ni wako. Mtu anayekwenda kutibiwa hagawi mifugo. Ukirudi nataka vifaranga viwili.”

Nilikasirika kidogo. Nilijiona kama mtoto aliyekamatwa, kwa kuwa kweli nilikuwa nimefanya sadaka kuwa wosia. Nikarudi nyumbani na kuku wangu kwapani.

Siku yenyewe hofu ilikuja yote. Nikiwa nimelazwa kitandani, mawazo yangu yote yalikuwa kwa baba. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akasema hawaanzi bila kuomba. Akanishika mkono. Nilitegemea atamwambia Mungu lazima niamke, lakini hakusema hivyo.

“Bwana, huyu ni wako. Akilala ni wako, akiamka ni wako.”

Akasema amina. Mama, miaka yote hii nilikuwa naamini kwamba siku ile ya baba, Mungu hakuwemo mle chumbani. Sijawahi kukuambia. Nikiwa pale kitandani nikaelewa kwamba baba naye alilala akiwa wa Bwana. Nikalia, halafu nikatulia. Sisemi hofu iliisha, ila ilipungua nikaweza kuwaambia waendelee. Nikaanzisha pambio, muuguzi akadaka sauti ya pili. Sikumaliza ubeti.

Niliamka. Sauti haikuamka yote. Wiki za mwanzo ilikuwa mnong'ono, sasa imekuwa nzito na ina mikwaruzo. Daktari anasema inaweza kurudi polepole, inaweza isirudi. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akakuna kichwa, akaniweka sauti ya tatu, katikati ya wanaume. Leo nimeimba nao kwa mara ya kwanza. Walipoingia wale wa sauti ya kwanza bila mimi, nililia. Sikutoka kwenye mstari, nikaendelea na ya tatu yangu.

Kuku analalia mayai. Baba Sanga anamwulizia kila Jumapili.

Nisalimie kaka Ezekieli na wifi yangu, shangazi pale ng'ambo ya mto, na yule jirani anayekusogezea kuni.

Jumatano ukishatoka shambani nitakupigia. Nimejaribu peke yangu kusema salamu yetu, kamwene, na sauti imetoka kama ya baba. Utashtuka, najua. Usikate simu, mama. Itika kama ulivyokuwa unamwitikia yeye, halafu unipe dakika moja nikuambie ni mimi.

Mwanao,
Enita